Kinywa cha Kikaragosi

Katika vitu vyote vitengenezwavyo na mkono wa mwanadamu, ni vichache vinavyostaajabisha kama kile kinachofanywa kionekane kuwa hai. Chukua kipande cha kitambaa, sponji kidogo, na vifungo viwili vya shati badala ya macho. Viweke mezani, navyo vitalala kimya kama mabaki mengine ya fundi cherehani. Lakini atokeapo mtu akatia mkono wake ndani, mabaki yale huamka. Hutazama kulia na kushoto, hucheka, huona haya, huuliza jambo, na mtoto aliyeketi mbele yake hulijibu bila ya kusita. Siku hizi mkono huo hauna haja ya kuwa chumba kimoja na mtoto. Huweza kuwa Nairobi, au Johannesburg, au New York, na kikaragosi kikaonekana jioni katika televisheni ya nyumba moja ya Kondele mjini Kisumu, au ya kibanda kimoja cha ufuko wa Dunga, kikasema na watoto ambao hakitawaona kamwe.

Hapa pana swali linalostahili kufikiriwa. Sisi wazazi na walimu huwakataza watoto kusema uongo, na pengine huwaadhibu kwa ajili yake. Yawaje basi tuwaweke mbele ya kitu cha kitambaa kisemacho, "Nina njaa," hali hakina tumbo. "Nina umri wa miaka mitano," hali hakikuzaliwa. "Mimi ni mgonjwa," hali hakina damu? Swali hili laonekana dogo, kwa kuwa limevaa nguo za kitoto, lakini ndani yake mna swali la watu wazima: Je, kweli yaweza kukaa katika kinywa kisicho cha kweli? Na ikiwa yaweza, ni nani atakayejibu kwa ajili ya maneno yatokayo humo?

Lugha yetu ina majina matatu ambayo yafaa yatenganishwe kabla ya kwenda mbele. Mwanasesere ni mfano wa mtu ambao mtoto huuchezea mwenyewe. Yeye ndiye auneneaye na yeye ndiye aunyamazishaye. Kikaragosi ni mfano uchezeshwao na mtu mmoja ili utazamwe na wengine. Asili ya jina hili huelezwa kuwa ni Karagöz, mtani mashuhuri wa michezo ya vivuli ya Waturuki, na maana ya jina lake ni jicho jeusi. Jina la tatu ni kibaraka, nalo si la kitu bali ni la mtu: ni yule aliyemwachia mwingine ulimi wake na mikono yake, akawa anasema asiyoyafikiri na kutenda asiyoyachagua. Mwanasesere hana hatia, na kibaraka ana hatia. Kikaragosi kiko katikati, na kwa sababu hiyo chahitaji kuchunguzwa.

Vikaragosi si vigeni duniani, lakini televisheni ilivipa ufalme mpya. Mwaka wa 1969 kilianza Marekani kipindi cha watoto kiitwacho Sesame Street, ambamo vikaragosi vilivyobuniwa na Jim Henson na wenzake vilikaa mtaa mmoja na watu wa kweli, vikifundisha herufi, hesabu na adabu. Kipindi hicho kilizaa vingine katika nchi nyingi. Afrika Kusini ilipata Takalani Sesame mwaka wa 2000, na Tanzania, katika muongo wa kwanza wa karne hii, ilipata Kilimani Sesame, kilichosema na watoto kwa Kiswahili juu ya kusoma, kuhesabu na kujikinga na malaria. Kenya, ambako televisheni ilianza mwaka wa 1962, ilivijua vikaragosi kwa njia mbili nyingine. Katikati ya miaka ya 1990 palitokea vikundi vya elimu ya afya vilivyoitwa Community Health Awareness Puppeteers, ambavyo vilikwenda na vikaragosi vyao mahali penye mikusanyiko ya watu, vikasema waziwazi habari za UKIMWI. Kisha mwaka wa 2009 kilianza katika televisheni ya Citizen kipindi cha XYZ Show, kilichoanzishwa na mchoraji Gado, ambamo viongozi wa nchi waligeuzwa kuwa vikaragosi vyenye nyuso za mpira. Hicho hakikuwa kipindi cha watoto, lakini tutakirudia, kwa kuwa kinafundisha jambo ambalo vipindi vya watoto havikulifundisha.

Sasa tumsikilize mshtaki. Mshtaki wa kale kuliko wote ni Plato, mwanafalsafa wa Uyunani aliyeishi zaidi ya miaka 2300 iliyopita. Katika kitabu chake cha Jamhuri alitoa mfano wa watu waliofungwa pangoni tangu utoto wao, wakaelekezwa ukutani hata wasiweze kugeuza shingo. Nyuma yao unawaka moto. Na kati yao na moto huo pana ukuta mfupi, ambao Plato mwenyewe aliufananisha na kiambaza cha wachezesha vikaragosi. Juu ya ukuta huo hupitishwa sanamu za watu na wanyama, na vivuli vya sanamu hizo huanguka mbele ya wafungwa. Maadamu hawajaona kitu kingine, wafungwa wale huviita vivuli hivyo kweli. Tena katika kitabu hichohicho Plato alitaka hadithi wanazosimuliwa watoto wadogo zichunguzwe kwanza, kwa kuwa moyo wa mtoto ni mwororo, na chapa iwekwayo juu yake mapema haifutiki kwa urahisi.

Msomaji atakuwa amekwisha kuona jinsi mashtaka haya yanavyoigusa nyumba yake. Watu wameketi gizani, nyuso zao zimeelekea upande mmoja, mbele yao mnacheza nuru na sura, na wachezeshaji wako mahali wasipoonekana. Kama Plato angefufuka akapita jioni kwenye madirisha ya mji wowote wa leo, angedhani tumelijenga pango lake kwa makusudi.

Mashtaka haya ni mazito, wala si haki kuyatupa. Lakini na tuyapime kwa mizani ya kwetu pia. Zamani, katika miji ya Wajaluo iliyo kandokando ya ziwa, watoto walilala katika siwindhe, nyumba ya bibi mzee, na humo walisikia sigana, yaani ngano, baada ya kazi za jioni kwisha. Bibi alimpa Sungura sauti ya ujanja na Fisi sauti ya ulafi. Aliwafanya wanyama wapange njama, waoane, wadaiane na wahukumiane. Hakuna hata neno moja katika hayo lililopata kutokea, na hata hivyo hakuna mtoto aliyetoka asubuhi akaenda kwa wazee kumshtaki bibi yake kwamba ni mwongo. Kwa nini? Kwa sababu kati ya bibi na wajukuu palikuwa na mapatano. Watu wa pwani waliyatia mapatano hayo katika maneno mawili. Msimulizi husema, "Paukwa!" na wasikilizaji huitikia, "Pakawa!" Wito ule ni mlango. Aupitaye amekubali kuingia katika nyumba ambamo Sungura husema, na ajua kwamba atokapo atawakuta sungura mwituni wakila majani kimya kama siku zote.

Hii ndiyo tofauti kati ya hadithi na uongo. Hadithi huingia mlangoni, ikabisha hodi na kutaja jina lake. Uongo hauna mlango. Huingia kwa dirisha usiku wakati mwenye nyumba amelala. Mwongo hutaka niamini jambo lisilokuwapo, bila ya ridhaa yangu, ili nipotee au yeye apate faida. Msimulizi hutaka niamini kwa saa moja, kwa ridhaa yangu, ili nipate kuona jambo lililoko. Basi kosa haliko katika kinywa cha kubuni. Kosa huwa katika kuuficha mlango.

Mtu mwenye akili atauliza: Je, mtoto wa miaka mitatu aujua mlango huo? Walimu wa madarasa ya chini wanaweza kumjibu. Wengi wao hutengeneza vikaragosi kwa soksi kuukuu, nao huvivaa mbele ya macho ya darasa zima. Mtoto huuona mkono ukiingia. Huuona mdomo wa mwalimu ukitikisika. Hata hivyo husema na soksi, wala hasemi na mwalimu. Na pengine yule mtoto aliyenyamaza muhula mzima, asiyejibu hata akiulizwa jina lake, humjibu soksi. Mtoto huyo hakudanganywa. Amepewa mtu asiyemwogopa. Soksi haina fimbo, haina daftari la alama, wala haitakutana na mama yake sokoni Kibuye ikamsimulia aliyoyasema. Watoto wana kipawa ambacho watu wazima wengi wamekipoteza: huweza kujua na kusahau kwa wakati mmoja. Huo ndio mchezo, nao ni mwalimu wao wa kwanza.

Walakini ikiwa mchezo wapewa ruhusa kubwa hivyo, wachezeshaji nao watwikwa mzigo mkubwa. Kipimo chao ni kimoja: neno lisemwalo na kikaragosi ni lazima lisimame hata baada ya mkono kutoka. Kitambaa ni cha kubuni. Lililomo ndani ya kitambaa lisiwe la kubuni.

Mfano wa kutimiza wajibu huu ulitokea katika Sesame Street yenyewe. Mwezi wa Desemba, mwaka wa 1982, alifariki Will Lee, mwigizaji aliyekuwa akicheza nafasi ya mzee mwenye duka aitwaye Bwana Hooper. Watengenezaji wa kipindi walikuwa na njia nyepesi mbele yao. Wangeweza kusema kwamba mzee amehamia mji mwingine, au kumvika mtu mwingine aproni yake. Walichagua njia ngumu. Mwezi wa Novemba, mwaka wa 1983, Big Bird, ndege mkubwa wa manjano ambaye akili zake ni za mtoto mdogo, alionyeshwa akileta picha alizowachorea rafiki zake, naye akamtafuta Bwana Hooper ampe yake. Watu wazima wakamweleza kwamba Bwana Hooper amekufa, na ya kwamba watu wakifa hawarudi. Ndege akauliza yale ambayo kila mtoto huuliza, na hakupewa jibu la uongo. Ndege yule hakuwa kitu ila manyoya na mtu ndani yake, lakini jambo alilofundishwa, na mamilioni ya watoto pamoja naye, lilikuwa kweli tupu. Linganisha na nyumba nyingi ambamo mtoto aliyefiwa na mama huambiwa na watu halisi, wenye damu na nyama, kwamba mama amesafiri na atarudi. Ni nani hapo aliyesema uongo, kikaragosi au mtu?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika ufuko wetu wa ziwa. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Kenya alitambuliwa mwaka wa 1984, lakini ilipita miaka 15, hata Novemba ya mwaka wa 1999, ndipo serikali ilipoutangaza ugonjwa huo kuwa janga la taifa. Katika miaka ile ya kimya watu wengi walizikwa kwa majina ya maradhi mengine. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba katika watu wazima wa Kenya karibu 5 kwa kila 100 walikuwa na virusi; lakini katika kaunti ya Homa Bay walikaribia 20 kwa kila 100, Kisumu walizidi 17, na Siaya walizidi 15. Nyuma ya hesabu hizi kuna watoto. Wako waliolelewa na bibi zao kwa sababu hapakubaki mwingine wa kuwalea, na wako waliozaliwa na virusi wenyewe, wamezavyo dawa kila siku kabla ya kwenda shule. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo kitamfichua. Sisi tulikuwa na maradhi, na wafichaji hawakukosekana.

Kwa nini tulificha? Si kwa ubaya wa moyo peke yake. Heshima yetu yenyewe ilitufunga vinywa. Mtu hawezi kuketi na mkwewe akataja mambo ya mwili. Mzee hawezi kuyasema mbele ya wajukuu, wala kijana mbele ya wazee. Kila kinywa kilikuwa na ukoo, na kila ukoo ulikuwa na mipaka yake. Basi kikaja kinywa kisicho na ukoo. Kikaragosi hakina mkwe, hakina rika, hakina kaburi la baba yake pale mtaani; kikitamka neno la aibu, hakuna nyumba itakayoona haya kwa ajili yake. Katika vikundi vile vya elimu ya afya watu walicheka kwanza, na katikati ya kicheko wakajikuta wamesikia neno ambalo hawangemruhusu mtu kulisema.

Takalani Sesame ilikwenda mbele zaidi. Mwaka wa 2002 ilimleta Kami, kikaragosi wa rangi ya manjano, msichana wa miaka mitano, yatima, aliyekuwa na virusi vya UKIMWI. Hakuletwa ili ahurumiwe. Aliletwa acheze, aimbe, akumbatiwe, awakumbuke wazazi wake kwa huzuni, kisha acheze tena. Alikuwa akisema jambo ambalo madaktari walikuwa wamekwisha kulisema kwa maneno magumu: ugonjwa huu hauambukizwi kwa kushikana mikono, wala kwa kukaa dawati moja, wala kwa kula sahani moja. Leo twajua zaidi ya hayo, kwamba mtu anayemeza dawa zake ipasavyo huweza kuishi maisha marefu na kufanya kazi yoyote. Mwaka wa 2003 shirika la UNICEF lilimfanya Kami kuwa mtetezi wa watoto. Wapo waliocheka kusikia heshima hiyo ikipewa kipande cha kitambaa. Waliocheka hawakuwa na mtoto wa namna ile nyumbani.

Hapa, hata hivyo, ni lazima nizuie kalamu yangu isije ikatoa sifa kupita kiasi. Ni rahisi kumpenda kikaragosi. Hana harufu, haombi kalamu, hapati alama nyingi kuliko mimi, na kipindi kikiisha huondoka. Nimepata kuwaona watoto waliolijua jina la kila kikaragosi, waliohuzunika kikaragosi alipohuzunika, na asubuhi yake wakamwachia mwenzao dawati zima peke yake kwa sababu walisikia watu wazima wakinong'ona juu ya dawa anazomeza. Mapenzi kwa kikaragosi ni mazoezi. Mtihani ni jirani. Mwanafunzi afanyaye mazoezi mwaka mzima na kuukimbia mtihani, amejifunza nini?

Lawama hii haiwahusu watoto peke yao. Mzazi naye hujaribiwa. Huona televisheni imekwisha kutaja lile neno gumu, akashukuru, akadhani kazi yake imefanywa. Lakini aghalabu mtoto akisikia neno hilo hugeuka. Huigeuzia kisogo ile nuru, akamtazama mama yake au baba yake, akauliza, "Na sisi je?" Hapo kikaragosi hakiwezi kumsaidia tena, kwa kuwa hakimwoni wala hakijui jina lake. Kikaragosi hufungua mlango, wala hakiwezi kuuingia. Mzazi akinyamaza wakati huo, mtoto hujifunza somo moja tu, kwamba kweli ni jambo la vitambaa, na ya kwamba watu hawaisemi.

Nilisema tutakirudia kipindi cha XYZ Show. Kilianza wakati nchi ina jeraha bichi. Baada ya uchaguzi wa Desemba, mwaka wa 2007, zaidi ya watu elfu moja waliuawa nchini, na Kisumu yenyewe iliona moto, risasi na mazishi. Baada ya hayo wananchi wakawaona viongozi wao, Rais Mwai Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga, wakichezeshwa kwa mpira wakati wao wenyewe wangali madarakani. Raia aliyekuwa akiinamisha kichwa mbele ya gari la mkubwa alicheka, na katika kucheka alikumbuka kwamba mkubwa naye ni mtu. Hiyo ni kazi njema ya kikaragosi, kwa maana mwenye nguvu ana walinzi, ana mawakili, ana majukwaa. Kicheko hakitamnyima chakula.

Lakini kicheko kina makali mawili. Wajaluo husimulia habari za Luanda Magere, shujaa wa nchi ya Kano, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe hata mikuki ikarudi. Adui zake hawakumweza mpaka walipojua kwamba uhai wake umo katika kivuli chake. Wakakichoma kivuli, na jiwe likaanguka. Katika ngano hii mna onyo kwa kila mchezesha vikaragosi. Kivuli si kitu, lakini mtu huweza kuuawa ndani yake. Mfanye mpumbavu wa mchezo awe na lafudhi ya kabila fulani, kila siku, kwa miaka. Mfanye mwizi awe na lafudhi ya kabila jingine. Mfanye kigugumizi, au kiwete, au mtumishi wa nyumbani, kuwa wa kuchekwa. Hujamgusa mtu kwa fimbo. Umekichoma kivuli chake, na siku moja atasimama mbele ya darasa kujibu swali, naye atasikia kicheko kabla hajafungua kinywa. Basi kanuni ni hii: kikaragosi kimchekapo mwenye nguvu, kicheko huwa ngao ya wanyonge, kimchekapo mnyonge, huwa mguu wa pili juu ya shingo yake.

Kutokana na haya yote twarudi kwenye swali la pili, la nani atajibu. Jibu ni kwamba kikaragosi hakina sifa wala lawama. Mkono ndio wenye sifa na lawama. Mtu asemapo, "Si mimi niliyesema, ni kikaragosi," husema neno la mwoga. Barakoa yaweza kuvaliwa kwa haki ili kweli ipite mahali ilipozuiliwa, lakini haiwezi kuvaliwa kwa haki ili mvaaji asijulikane na dhamiri yake mwenyewe. Caroll Spinney alimwigiza yule ndege wa manjano tangu mwaka wa 1969 hata mwaka wa 2018, wala hakulificha jina lake. Mwishoni mwa kipindi kizuri hupita orodha ya majina ya waandishi, washonaji, wachezeshaji, na wale waliotoa fedha. Watoto huondoka hapo, kwa kuwa wimbo umekwisha. Nawasihi ninyi wasomaji wa shule za sekondari, mliokwisha kuwa wakubwa, mkae. Orodha ile ndiyo mlango wa hadithi katika televisheni, ila umewekwa mwisho badala ya mwanzo. Humo mtaona mkono ni wa nani. Mkiona mkono ni wa mwalimu, shukuruni. Mkiona ni wa muuza peremende, msikasirike, lakini jueni kwa nini kikaragosi kilizisifu peremende.

Liko jambo moja la mwisho, nalo ni zito kuliko yote, kwa kuwa halihusu kitambaa bali lawahusu ninyi. Tofauti kati ya kikaragosi na mtu si kwamba mmoja ana damu na mwingine hana. Tofauti ni hii: kikaragosi hakiwezi kukataa. Mkono ukikifungua kinywa, kitasema, ukikifumba, kitanyamaza. Mtu aweza kukataa. Aweza kupewa neno na rafiki, au na mwanasiasa, au na umati, akalipima na kulirudisha kwa mwenyewe, akasema, "Neno hili si langu, wala sitalisema." Yule anayeichukua habari iliyokuja kwa simu asiyojua imetoka wapi, akaipeleka kwa watu mia kabla ya kuifikiri, amekubali mkono usioonekana uingie ndani yake. Yule anayelitukana kabila jingine kwa sababu kundi lake linalitukana, kinywa chake kimefunguliwa na mwingine. Huyo ni kibaraka hata kama hana cheo wala mshahara. Kikaragosi husamehewa, maana hakikuzaliwa na hiari. Kibaraka hasamehewi upesi, maana alizaliwa nayo akaitoa.

Basi msidharau vikaragosi, wala msiviabudu. Vimesema kweli mahali ambapo watu waliona haya kuisema, na vimewakumbatia watoto ambao watu waliogopa kuwakumbatia. Hiyo ni fahari yavyo, nayo ni aibu yetu kidogo. Njia ya kuiondoa aibu hiyo si kuvifungia sandukuni. Njia ni sisi wenyewe kujifunza kusema kwa vinywa vyetu, na kwa nyuso zetu zikiwa wazi, yale tuliyoyasikia kwao yakiwa kweli. Na katika darasa, kabla kengele haijalia, kuchukua vitabu vyetu na kwenda kuketi kwenye dawati lenye nafasi.